Jarida limepungua kurasa, sasa nimeletewa fomu ya kulikopesha shirika mshahara wangu

Shikamoo Mama,

Mimi ni mhariri katika shirika la uchapishaji la kanisa. Tunatoa jarida, masomo ya kila robo mwaka, vitabu vya nyimbo, vya ibada na vya watoto. Niko hapa zaidi ya miaka 10, na niliingia kwa kupenda, si kwa kukosa pa kwenda. Nalitanguliza hili usije ukadhani natafuta kisingizio.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Jarida letu lilikuwa na kurasa 32, likashuka hadi 16. Tukaambiwa wasomaji wa siku hizi hawataki maandishi marefu. Kisha likaacha kutoka kila mwezi, likawa linatoka kila baada ya miezi miwili. Tukaambiwa tunahamia kwenye simu. Vitabu vipya havichapwi, tunarudia vya zamani na kuvivika jalada jipya, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kubadilisha dibaji. Mtambo wetu mkubwa wa kuchapa umesimama tangu mwaka jana kwa kukosa kipuri. Kazi zinapelekwa kwa mchapaji wa nje, naye zamani alikuwa anatupokea kwa barua tu, sasa hagusi kazi mpaka aone fedha. Nyumba ya wageni ya shirika imeuzwa. Fundi wa mitambo aliyestaafu anakuja kila wiki kuulizia kiinua mgongo chake, na mlinzi wa getini ameagizwa amwambie kwamba mkurugenzi amesafiri.

Mshahara tunapata nusu nusu, na nusu zilizobaki zinaendelea kurundikana. Mhasibu aliacha kazi bila kuaga mtu. Mwandishi mmoja wa vitabu vya watoto alinipigia simu kulalamika kwamba hajaona mrabaha wake, yaani malipo yake kwa vitabu vilivyouzwa, nami nikajikuta natetea jambo ambalo silijui.

Sasa yaliyonifanya nikuandikie. Kwanza, wahariri na wasanifu wa kurasa tumepangiwa kwenda makanisani Jumapili kuuza usajili wa jarida wa miaka mitano kwa bei ya miaka mitatu. Tumeambiwa tuanze na wazee, kwa sababu wao bado wanapenda karatasi na wanaliamini jina letu. Pili, tumeletewa fomu. Inasema kwamba mimi fulani, kwa hiari yangu, nakubali malimbikizo ya mshahara wangu yageuzwe kuwa mkopo kwa shirika, nitakaorudishiwa "hali itakaporuhusu". Tunatakiwa kuirudisha kabla mwezi haujaisha.

Kwenye ibada ya asubuhi, mzee wetu mmoja wa idara ya usambazaji aliuliza kwa upole kabisa hesabu zilizokaguliwa za mwaka jana ziko wapi. Mkurugenzi akajibu kwamba kazi ya Mungu haiendeshwi kwa kikokotoo, na kwamba roho ya Tomaso imeingia humu ndani. Tangu siku hiyo hakuna aliyefungua mdomo.

Mume wangu anataka niache kazi kesho. Dada yangu, ambaye ni mtu wa maombi, anasema hili ni jaribu la muda na nitie saini, kwa kuwa Mungu hakai na deni la mtu. Mimi nimekwama katikati. Je, hizi ni dalili za shirika linalokufa au linalojibana tu? Nikiikataa fomu, nitakuwa nimeisaliti kazi niliyoitiwa? Na huo usajili wa miaka mitano, niuuze?

Ni mimi,
Mhariri aliyekwama

JIBU

Marahaba mwanangu.

Mengi uliyoyaorodhesha hayanitishi. Machache yananitisha sana, na si yale uliyoyatanguliza.

Kurasa kupungua ni jambo la kawaida mno katika kazi hii. Wewe unajua kuliko mimi kwamba karatasi moja kubwa ikipita mtamboni hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, kwa hiyo jarida halipunguzwi ukurasa mmoja mmoja, linapunguzwa kwa mafungu. Kutoka 32 kwenda 16 ni kuokoa karatasi, sahani za kuchapia, wino, na uzito wa kifurushi posta. Hata shirika lisilo na shida ya fedha linaweza kufanya hivyo. Mashahidi wa Yehova walipunguza Amkeni! na toleo la Mnara wa Mlinzi la watu wote kutoka kurasa 32 hadi 16 mwaka 2013. Mwaka 2016 wakauza majengo ya makao yao makuu ya Brooklyn, New York, kwa dola milioni 340, wakahamia Warwick katika jimbo hilo hilo. Kila hatua ilizua maneno ya watu kwamba wameishiwa. Makao mapya yalikuwa yameshajengwa, na kazi ya kuchapa iliendelea. Gazeti la The Christian Science Monitor, lililoanzishwa mwaka 1908, liliacha kuchapwa kila siku mwaka 2009, likabaki na toleo la karatasi la kila wiki huku habari za kila siku zikienda kwenye intaneti. Huko kulikuwa na hasara, hakuna aliyeificha, na hatua ilichukuliwa wakati bado kuna nafasi ya kuchagua.

Kwa hiyo kurasa, simu, hata nyumba ya wageni, niziweke pembeni kwanza. Nitakachouliza kuhusu nyumba ya wageni ni swali moja tu: fedha zake zimekwenda wapi? Kuuza mali ili kununua mtambo mdogo unaolingana na kazi iliyopo ni mpango. Kuuza mali ili kulipa mishahara ya miezi miwili ni kuahirisha, na ukishaahirisha hivyo mara moja huna nyumba nyingine ya kuuza.

Mtambo uliosimama nao una maelezo yake. Ugonjwa wa wachapishaji wengi wa dini ni huu: kuandaa kazi, yaani kuhariri, kupanga kurasa, kutengeneza sahani na kuuweka mtambo sawa, kunagharimu karibu kiasi kile kile uchape nakala 500 au 50,000. Wasomaji wakipungua kwa robo, gharama haipungui kwa robo, na kila nakala iliyobaki inabeba mzigo mkubwa zaidi. Ukipandisha bei, wengine wanaondoka. Ukiacha bei ilivyo, kila nakala unayouza inakutia hasara. Wengi hapo hujidanganya kwa kuchapa nyingi ili bei ya nakala moja ionekane ndogo, halafu zinalala ghalani, na kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya shirika, zinaandikwa kuwa mali. Nenda ghalani kwenu siku moja uhesabu masomo ya robo mwaka ambazo zimeshapita. Hayo hayana mnunuzi tena hata kama vitabu vya hesabu vinasema yana thamani.

Mchapaji wa nje, huyo nimemsikiliza. Wachapaji huwapa wateja wanaowaamini siku 30, hata 60, za kulipa. Akianza kudai fedha kabla ya kazi, ameshajua hali yenu bila kuonyeshwa hesabu. Mhasibu aliyeondoka bila kuaga nisimhukumu, watu huacha kazi kwa sababu nyingi. Ila mhasibu kuondoka, hesabu zilizokaguliwa kutoonekana, na muulizaji kuaibishwa mbele ya wenzake, yote katika kipindi kimoja, hapo siwezi kusema ni bahati mbaya.

Sasa nije kwenye kinachonitisha. Umasikini wa shirika si dhambi. Ninachotafuta mimi katika barua kama yako ni fedha yenye mwenyewe. Kila shirika lina fedha zake, na lina fedha za watu zilizopitia tu mikononi mwake: makato ya pensheni ya wafanyakazi, mrabaha wa waandishi, mchango uliotolewa kwa ajili ya jambo moja lililotajwa, usajili wa jarida ambalo bado halijachapwa, na mshahara wa kazi iliyokwisha kufanywa. Shirika linalojibana hupunguza matumizi ya fedha zake. Linalozama huanza kula za wenyewe, na mara nyingi halijioni kuwa linaiba, kwa sababu kila mara linakusudia kurudisha.

Haya hayatokei kwa watu wabaya pekee. Mwaka 1992, Kanisa la Christian Science, lenye lile gazeti la Monitor, lilipokuwa likipata hasara kubwa katika mradi wake wa televisheni, lilikopa kutoka kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake, na kituo chenyewe kikafungwa mwaka huo huo. Shirika la uchapishaji la Walutheri wa Marekani, Augsburg Fortress, lilitangaza mwishoni mwa mwaka 2009 kwamba linafunga mpango wake wa pensheni kwa sababu fedha zilizomo hazitoshi. Watu wapatao 500 waliguswa. Mpango huo ulihesabika kuwa wa kanisa, kwa hiyo haukuwa chini ya bima ya serikali ambayo hulinda pensheni za makampuni ya kawaida, na waliokuwa wakitegemea fedha hizo wakaishia mahakamani. Kati ya yote uliyoyaandika, aliyenikaa moyoni ni yule fundi wenu wa getini. Mlinzi anafundishwa uongo kwa ajili ya kiinua mgongo cha mzee. Shirika likifika hapo, limeshaamua nani atalipwa mwisho.

Hivyo jambo la kwanza ufanye wiki hii, kabla ya fomu na kabla ya ugomvi na mumeo: omba taarifa yako ya michango katika mfuko wa pensheni au hifadhi ya jamii. Mwanachama ana haki ya kuiona, huna haja ya kupitia kwa mkurugenzi. Ilinganishe na hati zako za mshahara. Makato yakiwa kwenye hati lakini hayapo kwenye mfuko, hapo umeshalipata jibu la swali lako la kwanza. Katika nchi nyingi kukata fedha hizo na kutozipeleka ni kosa la jinai, hata aliyezikata awe na nia njema namna gani.

Fomu usitie saini.

Nieleze kwa nini, maana dada yako atakuuliza. Shirika likifilisika, wadai hawalipwi kwa pamoja, wanapangwa. Benki iliyoshika hati ya kiwanja au mtambo huchukua dhamana yake. Mishahara ambayo haijalipwa, katika sheria za nchi nyingi, hupewa nafasi ya upendeleo mbele ya madeni ya kawaida, ingawa huwa na kikomo cha kiasi na cha muda. Mkopo usio na dhamana uko nyuma kabisa, pamoja na muuza karatasi na mwenye duka la wino, na huko nyuma mara nyingi hakuna kinachobaki. Leo unadai mshahara. Ukitia saini utakuwa unadai mkopo. Kiasi ni kile kile, lakini umejihamisha mwenyewe kutoka mbele ya foleni kwenda mwisho wake, na tena kwa maneno "hali itakaporuhusu", ambayo hayana tarehe wala hayampi mtu yeyote kazi ya kusema sasa hali imeruhusu. Sijui aliyeandika fomu hiyo alikuwa na mwanasheria pembeni au la. Kama hakuwa naye, amebahatisha vizuri sana.

Marekani kulikuwa na maduka ya vitabu vya Kikristo yaitwayo Family Christian Stores, zaidi ya 200. Yalipoomba kinga ya mufilisi mwaka 2015, wachapishaji waliokuwa wameweka vitabu vyao rafuni kwa makubaliano ya kulipwa vikiuzwa walilazimika kwenda mahakamani kutetea kwamba vitabu hivyo ni vyao. Maduka yenyewe yalifungwa yote mwaka 2017. Hao walikuwa na mikataba na mawakili, na bado walihangaika. Wewe una fomu ya ukurasa mmoja.

Kuhusu usajili. Kuuza usajili wa miaka mingi si kosa lenyewe, wachapishaji wengi wanafanya. Lakini fedha ya usajili siku inapopokelewa ni deni: umeshika senti za msomaji, na yeye anakudai nakala zote za miaka mitano. Inakuwa yako kidogo kidogo, kila toleo linapomfikia. Shirika ambalo limepunguza jarida kutoka kila mwezi hadi kila miezi miwili halina msingi wa kuahidi miaka mitano, na hilo punguzo la miaka miwili ndiyo riba ya mkopo ambao mzee hakuambiwa kuwa ni mkopo. Kuagizwa muanze na wazee kwa sababu wanaamini jina lenu ndiko kunakonikera zaidi ya fomu. Msimamizi wako mwambie kwamba uko tayari kuuza usajili wa mwaka mmoja, na utauza wa miaka mitano siku utakapoonyeshwa kwamba fedha hizo zinawekwa kwenye akaunti yake na hazitolewi mpaka jarida litoke. Akikuambia hakuna akaunti ya namna hiyo, usiende Jumapili hiyo. Wewe ndiye utakayekutana na yule mzee akikuuliza jarida lake liko wapi.

Sasa hilo la imani, ambalo naona limekufunga kuliko fedha. Mkurugenzi wako amemtaja Tomaso. Tomaso alipoomba kuona alama za misumari alionyeshwa, hakufukuzwa ibadani. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama. Paulo alipokuwa akipeleka mchango Yerusalemu hakwenda na mfuko peke yake, aliongozana na watu waliochaguliwa na makanisa ili asilaumiwe, na anasema wazi katika 2 Wakorintho 8 kwamba anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Na Yakobo 5 inasema ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele. Mzee wenu wa usambazaji hakuleta roho ngeni. Aliuliza swali ambalo bodi ilitakiwa kuwa imeshalijibu kwa maandishi. Na dada yako mwambie kwa upole kwamba mkopaji kwenye ile fomu si Mungu. Jina lililoandikwa pale ni la shirika.

Kazi uliyoitiwa nayo si lazima ife pamoja na jengo. Waadventista Wasabato walikuwa na wachapishaji wawili wakubwa Marekani, Review and Herald na Pacific Press. Mwaka 2014 waliamua kuwaunganisha, kiwanda cha Review and Herald cha Hagerstown, Maryland, kikafungwa na kazi ikapelekwa Pacific Press. Watu walipoteza ajira, na sitaki kulipamba hilo. Lakini ulikuwa uamuzi uliotangazwa, na vitabu viliendelea kutoka. Kama kwenu kungekuwa na mpango wa namna hiyo, kuungana, kufunga mtambo rasmi, kuuza ghala, hata kupunguza wafanyakazi kwa hesabu zilizo mezani, ningekuambia vumilia uone. Dalili ya shirika litakalopona ni kwamba kupunguziwa mishahara kunaanza na wakubwa, na takwimu zinasomwa kwa sauti. Katika barua yako nzima sijaona mstari unaosema mkurugenzi naye analipwa nusu. Labda analipwa nusu. Ulizeni.

Mumeo ana haki ya kuogopa, ila asikuharakishe. Ukiacha kazi kesho kwa hasira unaweza kupoteza notisi, likizo usizochukua na haki nyingine za mwisho wa ajira, kutegemea mkataba wako na sheria ya nchi yenu. Anza kutafuta kazi nyingine sasa hivi, kimya kimya, bila kujiona msaliti. Kusanya mkataba wako na hati zako zote za mshahara uziweke nyumbani. Nyaraka za shirika ambazo si zako usizichukue hata kama mlango uko wazi. Kaa na wenzako muandike barua moja kwa bodi, maana barua ya watu wengi ni vigumu kuiita roho ya mtu mmoja. Mzee wa usambazaji asiachwe atie saini peke yake juu kabisa, ameshabeba vya kutosha. Na mmoja wenu apite kwa afisa kazi au chama cha wafanyakazi kuuliza kikomo cha muda wa kudai malimbikizo, kwa sababu kipo, na kinahesabika wakati ninyi mnangoja hali iruhusu.

Fomu usiirudishe tupu, ukimya unaweza kusomwa vyovyote. Andika barua fupi: "Nimepokea fomu ya kugeuza malimbikizo ya mshahara wangu kuwa mkopo. Sikubaliani na mabadiliko hayo. Naendelea kudai mshahara wangu wa miezi ifuatayo," kisha taja miezi na kiasi. "Niko tayari kujadili ratiba ya malipo yenye tarehe." Weka saini na tarehe, peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa uondoke nayo.